Je, Wajua? Kidonge cha Saratani ya Matiti Hukamilika Ndani ya Ini

Mama wa Mkula, wilayani Busega mkoani Simiyu, na mwenzake wa Manchester wanaweza kumeza kidonge kilekile cha saratani ya matiti, chenye miligramu zilezile, kwa miaka mitano ileile, na bado damu zao zikawa na viwango tofauti kabisa vya ile dawa inayopigana na uvimbe. Sababu haiko kwenye kidonge. Iko kwenye ini, na ini hufuata maagizo ya jeni ambayo kila mtu amerithi nakala moja kwa baba na nyingine kwa mama. Wanasayansi wamelifuatilia jambo hili tangu miaka ya 1970, na sehemu yake mojawapo muhimu ilifumbuliwa kwa kuchunguza miili ya Watanzania. Haifai libaki kwenye majarida ya wataalamu peke yao.

Je, wajua kwamba tamoksifeni inapomezwa bado haijafikia nguvu yake?

Tamoksifeni humezwa mara moja kwa siku, kwa kawaida miligramu 20. Hupewa mgonjwa ambaye uvimbe wake una vipokezi vya estrojeni, yaani uvimbe unaokua kwa kuchochewa na homoni hiyo ya kike. Dawa hushika vile vipokezi ili estrojeni ikifika isipate pa kushika. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Majaribio makubwa yaliyojumuishwa pamoja yameonyesha kwamba mgonjwa wa aina hiyo akiitumia miaka mitano, hatari ya kufa kwa saratani ya matiti hupungua kwa takriban theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Dawa nyingi za kisasa zenye bei ya kutisha hazina rekodi kama hiyo.

Lakini tamoksifeni yenyewe hushika kipokezi kwa ulegevu. Ini huibadilisha kwa hatua. Vimeng'enya viitwavyo CYP3A4 na CYP3A5 huiondolea kipande kimoja, kisha kimeng'enya kingine, CYP2D6, hukamilisha kazi, na kinachotoka huitwa endoksifeni. Maabara imeonyesha kwamba endoksifeni ina nguvu ya kuipinga estrojeni mara mia hivi kuliko tamoksifeni iliyomezwa. Msomaji wa Simiyu ana mfano jirani. Mkulima wa Busega huuza pamba mbegu, lakini mwenye kiwanda cha nguo anataka nyuzi, na kati yao upo mtambo wa kuchambua. Mtambo ukiwa mchovu, pamba itarundikana ghalani na nyuzi zitatoka chache, hata kama msimu ulikuwa mzuri. CYP2D6 ndiyo mtambo wenyewe, na watu hawakuzaliwa na mitambo ya aina moja.

Kuna wenye jeni iliyoharibika kabisa, ambao hawatengenezi kimeng'enya hicho. Kuna wenye kimeng'enya kinachofanya kazi polepole. Wengine wanacho cha kawaida, na wachache wana nakala za ziada za jeni hiyo, hivyo hubadilisha dawa kwa kasi kubwa. Matoleo ya jeni hii yaliyokwisha kuorodheshwa yamepita mia moja, na kila toleo hupewa nyota na namba yake: *4, *10, *17, *29 na kadhalika.

Je, wajua kwamba yote haya yalianza kwa mwanasayansi kunywa dawa na kukaribia kuzimia?

Mwaka 1975, Profesa Robert Smith wa hospitali ya St Mary's jijini London alijaribu dawa ya shinikizo la damu iitwayo debrisokwini pamoja na wenzake wa maabara. Wenzake hawakupatwa na jambo kubwa. Yeye alishikwa na kizunguzungu kikali, na shinikizo lake la damu likaporomoka hadi 70 kwa 50. Badala ya kuliacha lipite, walipima mikojo yao wote na kukuta kwamba mwili wa Smith ulikuwa haubadilishi dawa ile kama miili ya wengine. Mwaka 1977 waliandika katika jarida la The Lancet kwamba tofauti hiyo hurithiwa. Wakati huohuo Ujerumani, Michel Eichelbaum alikuwa akiona jambo kama hilo kwa dawa nyingine, sparteini. Kimeng'enya kilichohusika kwa wote wawili kilikuja kujulikana kuwa ni CYP2D6.

Hadi leo debrisokwini hutajwa sana katika fani hii, ingawa karibu hakuna daktari anayeiandikia wagonjwa. Imebaki kuwa kipimo: unampa mtu kiasi kidogo, unapima mkojo wake, unaona ini lake lina kasi gani.

Je, wajua kwamba toleo la *29 lilielezwa kutokana na Watanzania?

Huu ndio ukweli ambao ningependa kila mwanafunzi wa udaktari nchini aujue kabla ya kuvaa koti jeupe. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Muhimbili, akiwemo mtaalamu wa famakolojia Amos Massele, walifanya kazi na wenzao wa Taasisi ya Karolinska ya Uswidi. Waliwapima Watanzania wenye afya kwa debrisokwini na kusoma jeni zao. Wakakutana na jambo lililogoma kueleweka. Matoleo yaliyoharibika ambayo ni ya kawaida Ulaya yalikuwa machache mno kwa Watanzania hao, kwa hiyo maini yao yalitarajiwa kuwa na kasi nzuri. Vipimo vya mkojo vilisema vingine: uwezo wao wa kuibadilisha dawa ulikuwa chini ya ulivyotarajiwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1999, na kichwa chake kilisema wazi kwamba ni Watanzania weusi waliochunguzwa.

Kama *4, toleo lililoharibika ambalo ni la kawaida Ulaya, haikuwa sababu, ilikuwa nini? Watafiti waliendelea kuchimba, na mwaka 2001 wakaeleza kwa ukamilifu toleo la *29, linalotengeneza kimeng'enya chenye kasi ndogo. Kwa Watanzania waliochunguzwa, takriban nakala 20 katika kila 100 za jeni hiyo zilikuwa *29. Ulaya toleo hilo ni adimu.

Kabla ya hapo, mwaka 1996, Collen Masimirembwa wa Zimbabwe na wenzake walikuwa wamekwisha kulieleza toleo la *17, ambalo nalo ni la Afrika na nalo hupunguza kasi. Kwa Wazimbabwe walilikuta kwa wingi: takriban theluthi moja ya nakala zote. Tanzania nako lipo, kwa kiwango kinachokaribia kile cha *29.

Nimepiga hesabu ya kawaida ya urithi kwa viwango hivyo. Kama karibu nakala nne kati ya kumi ni za polepole, basi Watanzania wapatao sita kati ya kumi wana angalau nakala moja ya aina hiyo, na mmoja kati ya watu sita au saba anazo mbili. Ulaya, wale wasio na kimeng'enya hiki kabisa ni kati ya asilimia 5 na 10. Sisi tuna wachache sana wa kundi hilo. Tulio nao ni wengi walio katikati, wenye ini linalofanya kazi hiyo lakini taratibu. Ni watu ambao kanuni zilizoandikwa kwa kuwatazama Wazungu huwapita bila kuwaona.

Je, wajua kwamba ukivuka kwenda Ethiopia hali inageuka?

Mwaka huohuo wa 1996, Eleni Aklillu na wenzake walichapisha utafiti uliowaonyesha Waethiopia 29 katika kila 100 wakiwa na nakala za ziada za jeni ya CYP2D6. Maini ya watu hao hukimbia. Mtu wa namna hiyo akipewa kodeini ya kutuliza maumivu, mwili wake unaweza kuigeuza kuwa mofini kwa wingi na kwa haraka kuliko inavyofaa. Baadhi ya wanasayansi wanadhani zamani za njaa ziliwasaidia wenye nakala nyingi, kwa kuwa waliweza kula mimea yenye sumu kidogo bila kudhurika. Hilo ni wazo linalofikiriwa, halijathibitishwa, ila linakumbusha kwamba vimeng'enya hivi vilikuwapo muda mrefu kabla ya vidonge, vikishughulika na mizizi na majani.

Afrika Mashariki moja, basi, na maini yanayokwenda mbio pembe moja na taratibu pembe nyingine.

Je, wajua kwamba ndani ya Simiyu peke yake kuna tofauti za kutosha kumshughulisha mtafiti maisha yake yote?

Mkula iko wilayani Busega, kwenye barabara itokayo Lamadi kwenda Bariadi, na ina hospitali ya kanisa la AICT inayojulikana eneo zima. Kabla ya mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012, sehemu hizo zilikuwa chini ya Magu, mkoani Mwanza. Wengi wa wakazi ni Wasukuma, kabila kubwa kuliko yote nchini, Wabantu kwa lugha. Ukishuka kusini hadi Meatu utawakuta Wataturu, wafugaji wenye asili ya Kinailoti, na karibu na bonde la Eyasi wapo Wahadzabe, ambao lugha yao yenye sauti za kubofya haina undugu uliothibitishwa na lugha nyingine yoyote. Watu wa asili tatu zilizotengana maelfu ya miaka wanaishi ndani ya mkoa mmoja.

Sarah Tishkoff na wenzake, katika utafiti wao mkubwa wa mwaka 2009 uliohusisha makabila zaidi ya mia moja ya Afrika, Tanzania ikiwemo, walionyesha kwamba bara hili lina tofauti za kijenetiki nyingi kuliko bara lolote. Kwa sababu hiyo sipendi kabisa kusikia daktari akisema "kwa Waafrika dozi ni hii". Mwafrika yupi? Hata hizo asilimia 20 za *29 nilizozitaja ni za Watanzania waliopimwa miaka ile, na haziwezi kubebwa moja kwa moja hadi kwa mama Mtaturu wa Meatu.

Je, wajua kwamba wataalamu bado wanabishana kama jeni hii inaamua nani atapona?

Hapa lazima twende taratibu, maana ndipo watu wanapodanganyana. Kwamba CYP2D6 inapanga kiwango cha endoksifeni kwenye damu, hilo halina ubishi. Kwamba kiwango hicho kinaamua kama saratani itarudi, hapo ndipo wenye elimu wamegawanyika.

Mwaka 2005 Matthew Goetz na wenzake wa Marekani waliripoti kwamba wanawake wenye nakala mbili za *4 walirudiwa na saratani zaidi walipotumia tamoksifeni. Habari ikavuma. Mwaka 2011 watafiti wengine wa Marekani walipima endoksifeni yenyewe kwenye damu ya wagonjwa zaidi ya 1,300 na kukuta kwamba wale waliokuwa chini kabisa, sehemu moja ya tano, ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi. Waliobaki walikuwa na hatari ndogo ya kurudiwa, kwa takriban asilimia 26. Kumbe huenda kuna kizingiti fulani: ukikivuka umevuka, na kuongeza zaidi hakukusaidii sana.

Kisha mwaka 2012 zikatoka tafiti mbili kutoka majaribio makubwa ya kimataifa, ATAC na BIG 1-98, na zote hazikuona uhusiano kati ya jeni na kurudi kwa saratani. Wakosoaji wakanyanyuka. Walisema katika BIG 1-98 jeni zilisomwa kutoka kwenye nyama ya uvimbe badala ya damu, na uvimbe wa saratani mara nyingi hupoteza kipande cha kromosomu ya 22, palepale inapokaa CYP2D6. Ukisoma jeni kutoka mahali palipokatika, utaandika jibu lisilo la mgonjwa. Hoja hiyo kwangu ina uzito, ingawa haikuumaliza mjadala.

Mwaka 2018 jopo la kimataifa linaloandika miongozo ya dawa na jeni, CPIC, lilishauri kwamba mgonjwa ambaye jeni zake zinaonyesha kimeng'enya kibovu afikiriwe kupewa dawa ya kundi jingine, na ikishindikana dozi ya tamoksifeni ipandishwe hadi miligramu 40. Wajapani wakalipima wazo hilo la kupandisha dozi na kutoa matokeo mwaka 2020, kwa wagonjwa ambao saratani ilikuwa imekwisha kusambaa. Endoksifeni ilipanda kweli, lakini muda waliokaa kabla ya ugonjwa kuendelea haukubadilika.

Hukumu yangu ni kwamba ushahidi unatosha kumfanya daktari awe macho, na hautoshi kumfanya mgonjwa yeyote aache kidonge chake. Nitasema zaidi: karibu ubishi wote huo umefanyika juu ya miili yenye *4 ya Ulaya na *10 ya Asia. Kipimo kinachotafuta *4 peke yake kikimpima mama wa Mkula mwenye *17 kutoka kwa baba na *29 kutoka kwa mama, kitamwandikia kwamba yuko sawa. Karatasi itasema yuko sawa, na ini lake litasema lake.

Je, wajua kwamba majirani zetu wameanza kulijibu swali hilo wenyewe?

Nchini Zimbabwe, kundi la Masimirembwa, mtu yuleyule wa *17, liliwapa watu wenye afya tamoksifeni ya miligramu 20 na kufuatilia damu zao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba wenye nakala mbili za *17 walitengeneza endoksifeni kidogo mno, mara kadhaa chini ya wenye jeni ya kawaida. Ethiopia nako, mwaka 2019, watafiti wa huko na wenzao wa Uswidi, Eleni Aklillu akiwa miongoni mwao, walionyesha kwa wagonjwa wa saratani ya matiti wanaotumia tamoksifeni kwamba jeni ya CYP2D6 inabashiri viwango vya dawa kwenye damu.

Kuna jambo moja gumu linalohusu *17, nalo lilielezwa mwaka 2002 na watafiti walewale wa Uswidi na wenzao wa Afrika. Kimeng'enya chake hakikupungua kasi tu, kimebadilika tabia. Dawa moja kinaichelewesha sana, nyingine kinaishughulikia karibu kawaida. Kwa hiyo huwezi kumpima mtu kwa dawa moja kisha ukadai unajua ini lake litakavyofanya kwa dawa nyingine. Tamoksifeni inabidi ipimwe kwa tamoksifeni. Kazi ya Zimbabwe ilifuata njia hiyo, na ningetamani kuona ikifanyika katika hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa kina mama wa Kanda ya Ziwa, kwa damu yao na kwa dozi wanazomeza kweli.

Je, wajua kwamba dawa nyingine unazomeza zinaweza kulibadili ini lako lifanane na la mtu mwenye jeni dhaifu?

Sehemu hii ndiyo yenye faida ya haraka zaidi, maana haihitaji mashine ya kusoma jeni. Zipo dawa zinazokizuia kimeng'enya cha CYP2D6. Zinazojulikana sana ni mbili za msongo na huzuni, paroksetini na fluoksetini. Ziligunduliwa kuwa tatizo mapema, mwaka 2003, wakati kundi la David Flockhart na Vered Stearns la Marekani lilipoona endoksifeni ikishuka kwa wanawake waliopewa paroksetini ili kutuliza joto la mwili ambalo tamoksifeni huleta. Mwanamke mwenye jeni nzuri kabisa anaweza kuipoteza faida yake kwa kidonge cha pili. Na wagonjwa wa saratani hupata huzuni nzito, wana haki ya kutibiwa. Zipo dawa za huzuni zinazokigusa kimeng'enya hiki kidogo tu, kama sitalopramu na venlafaksini. Daktari akijua kwamba mgonjwa yuko kwenye tamoksifeni, ana pa kuchagua.

Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, lakini mwisho wake ni uleule. Inavichochea vimeng'enya vya mwili viiondoe dawa haraka, na endoksifeni huporomoka kwa kiasi kikubwa. Kwa nchi yenye kifua kikuu kingi kama yetu, hili si la pembeni hata kidogo. Tiba ya kifua kikuu huchukua miezi sita, na hakuna anayepaswa kuiacha. Kinachotakiwa ni kliniki ya kifua kikuu na kliniki ya saratani zijue kwamba zinamtibu mtu mmoja.

Na dawa mseto ya malaria, ALu, ambayo karibu kila nyumba ya Busega imewahi kuwa nayo juu ya kabati? Lumefantrini iliyomo ndani yake huzuia CYP2D6, na maelezo ya watengenezaji yanalitaja hilo. Malaria hutibiwa siku tatu, tamoksifeni humezwa miaka, na tamoksifeni hukaa mwilini kwa wiki nyingi, hivyo siku tatu haziwezi kuiharibu tiba ya miaka mitano. Mama mwenye malaria ameze ALu yake yote bila hofu. Nimeitaja kwa sababu watu wengi hudhani dawa ya malaria na dawa ya saratani haziwezi kukutana mwilini.

Kuna pia mitishamba. Usukumani mganga wa jadi yuko karibu kuliko daktari wa saratani, na mgonjwa hupita kwa wote wawili bila kumwambia mmoja habari za mwingine. Baadhi ya mimea ya dawa inayotumika Afrika imeonekana katika maabara ikizuia vimeng'enya vya ini. Sina nia ya kumgombeza mtu kwa kutumia dawa ya bibi yake. Ninachoomba ni kwamba ikitumika, itajwe kliniki bila aibu, na mhudumu aipokee habari hiyo bila kukemea, kwa sababu mgonjwa aliyekemewa mara moja hatataja tena.

Je, wajua kwamba Wasomali na Wakenya wa Minnesota walifichua pengo katika dawa nyingine?

Kapesitabini ni kidonge cha kemo kinachotumika pia kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Mwilini hugeuka kuwa florourasili, ambayo huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho DPD. Mtu mwenye DPD dhaifu akipewa dozi ya kawaida anaweza kupata vidonda vya mdomo, kuhara kukali na kushuka kwa chembe nyeupe za damu, wakati mwingine hadi kufa. Mwaka 2020 Shirika la Dawa la Ulaya lilishauri wagonjwa wapimwe DPD kabla ya kuanza. Lakini vipimo vya jeni vilivyozoeleka Ulaya hutafuta matoleo manne yaliyo ya kawaida kwa watu wa huko. Toleo liitwalo Y186C, linalopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika na ambalo hupunguza nguvu ya DPD, halimo katika hayo manne. Mwaka 2017 watafiti wa Minnesota waliosoma jeni za watu wenye asili ya Somalia na Kenya wanaoishi huko walikuta matoleo mengine mabovu ambayo yalikuwa hayajaripotiwa kokote. Ndugu zetu waliofika Marekani kama wakimbizi na wahamiaji ndio waliotuonyesha kilichomo ndani ya baadhi yetu.

Je, wajua kwamba tamoksifeni ilitengenezwa kwa lengo la kuzuia mimba?

Dora Richardson, mkemia wa kampuni ya ICI ya Uingereza, aliitengeneza mwaka 1962 katika mradi wa kutafuta dawa ya uzazi wa mpango. Kwa wanawake ikaleta kinyume, ikachochea mayai kupevuka. Ingetupwa kama si watu wachache walioshikilia kwamba inaweza kufaa kwa saratani. Jaribio la kwanza kwa wagonjwa wa saratani ya matiti lilifanywa na Mary Cole na wenzake katika hospitali ya Christie, Manchester, na kuchapishwa mwaka 1971.

Je, wajua kwamba kabla ya kuuliza habari za jeni kuna swali la kwanza, na mara nyingi halijajibiwa?

Swali lenyewe ni kama uvimbe una vipokezi vya estrojeni. Usipokuwa navyo, tamoksifeni haitasaidia hata kama ini lingekuwa la dhahabu. Wanawake wa Afrika wana uvimbe usio na vipokezi kwa kiwango kikubwa kuliko wa Ulaya, kwa hiyo kubahatisha hakufai. Kupata jibu kunahitaji kipande cha uvimbe kitolewe, kihifadhiwe vizuri kwenye fomalini, na kifike maabara ya patholojia yenye kemikali za kipimo hicho. Kutoka Mkula, safari ni Lamadi, Nyashimo, Magu, Kisesa, mpaka Bugando jijini Mwanza, na wengine huendelea hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kipande kikikaa kwenye fomalini isiyo sahihi au kikachelewa njiani, kipimo kinaweza kusema hakuna vipokezi kumbe vipo, na mama akanyimwa kidonge ambacho kingemsaidia.

Jambo jingine ni umri. Wagonjwa wetu wengi wanaugua kabla ya kukoma hedhi. Zile dawa za kundi jingine ambazo miongozo ya nje huzipendekeza badala ya tamoksifeni hazifanyi kazi kwa mwanamke ambaye ovari zake bado zinatoa homoni, mpaka ovari zizimwe kwanza. Kwa hiyo kumwambia mama wa miaka 38 abadilishe dawa kwa sababu ya jeni ni rahisi kwenye karatasi tu. Ndiyo maana tamoksifeni na kimeng'enya chake vina uzito zaidi kwetu kuliko kwa wanaoandika miongozo.

Wengi wa wagonjwa wa saratani ya matiti Tanzania hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Hakuna jeni inayoeleza hilo. Linaelezwa na nauli, hofu, uvimbe usiouma, na mume au mama mkwe anayesema tusubiri tuuze pamba kwanza.

Kwa hiyo, msomaji uliye Mkula, Bariadi au kokote: ukigusa uvimbe kwenye titi usingoje uume, nenda ukapimwe mwezi huu. Ukishaambiwa ni saratani, uliza kwa heshima lakini bila woga, "Daktari, vipokezi vya homoni vimepimwa?" Ukiandikiwa tamoksifeni, imeze kila siku kwa miaka yote uliyoelekezwa, na usiiache kwa sababu ya jambo lolote ulilosoma hapa. Na kila unapokwenda kliniki, tia kwenye mfuko mmoja dawa zako zote, za kifua kikuu, za usingizi, za presha, na chupa ya mzizi kutoka kwa mganga, uziweke mezani mbele ya daktari.